Kura Kumi na Nane

Tulimzika Bi Hidaya siku ya Jumatano baada ya swala ya alasiri. Nasema tulimzika, ingawa wanawake hatukwenda makaburini. Tulibaki uwanjani kwake, tumekaa kwenye mikeka, tukisikia sauti za wanaume zikififia kuelekea upande wa juu wa Ujiji. Mimi nilikaa karibu na mlango wa jiko, nimejitanda kanga niliyopewa na Saumu, binti yake, kwa kuwa nilikuja na gauni langu la kanisani. Nyuma yangu walikaa wasichana wawili nisiowafahamu. Mmoja akamwuliza mwenzake kwa sauti ya chini kama marehemu ndiye yule bibi anayesimuliwa, yule aliyeuza kura za Mhandisi. Mwenzake akajibu kwamba ndiye, mama yake alimhadithia. Niligeuka. Niliwaambia kwamba Bi Hidaya hakuuza kura hata moja, na kwamba aliyekosea ni mimi. Waliniangalia kwa adabu, mmoja akanipa pole ya msiba, nami nikaona machoni mwao kwamba wamenichukulia kuwa mama mtu mzima aliyechanganywa na majonzi. Wasichana wale walikuwa hawajazaliwa mwaka wa kura hizo. Jaji aliandika ukweli kwa mkono wake, karatasi ikapigwa muhuri na kuwekwa kabatini, lakini uvumi wenyewe haukuwekwa kabatini. Uliendelea kutembea sokoni na majikoni hadi ukafika kwenye matanga ya mwenyewe. Ndiyo sababu nauandika mwaka ule.

Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na minne, mwalimu mpya, bado sijathibitishwa kazini, na nilipanga chumba kwa Bi Hidaya. Kilikuwa chumba kimoja chenye kitanda cha kamba, meza ya kusahihishia madaftari, na dirisha lililotazama kichochoro. Ukuta baina ya chumba changu na ukumbi haukufika darini, kwa hiyo kila neno lililosemwa ukumbini lilipanda likashukia kitandani kwangu. Bi Hidaya alikuwa mjane wa makamo, mwembamba, mwenye kutembea haraka. Alfajiri alikwenda Katonga kununua migebuka kwa wavuvi, akairudisha nyumbani, akaikausha kwa moshi uwanjani, na saa nne alikuwa na meza yake sokoni. Katika nyumba ile mpangaji hakula peke yake. Nilipotoka shule nilikuta ugali wa muhogo umefunikwa kwa kawa, samaki wa mawese kwenye bakuli la bati, na Saumu akiniwekea maji ya kunawa. Mama yake hakuanza kula mpaka nimekaa. Aliniita mwanangu, na mimi nilimwita Mama, ingawa mimi nilikuwa Mha wa milimani, Mkatoliki, na yeye Mwislamu wa Ujiji ambaye ukoo wake ulikuwa pale tangu enzi za misafara.

Mwaka ule ulikuwa wa uchaguzi mkuu. Jimbo letu liligombewa na watu watatu, lakini wa tatu hakuhesabiwa na yeyote, hata nadhani yeye mwenyewe hakujihesabu. Ushindani ulikuwa kati ya mbunge aliyekuwa akimaliza kipindi chake, ambaye kila mtu alimwita Mheshimiwa, na kijana mmoja wa pale Ujiji aliyekuwa mhandisi wa barabara, ambaye kwa hiyo aliitwa Mhandisi. Walimu wengi tuliomba kazi ya kusimamia vituo, na mimi nikapangiwa kituo kimoja cha mtaani kwetu, kwenye darasa la shule niliyofundisha. Nilikula kiapo kwamba sina chama. Bi Hidaya naye aliteuliwa na chama cha Mhandisi kuwa wakala wao, na kwa bahati ambayo siku hizo tuliicheka, akapangiwa kituo hicho hicho. Alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, kwenye darasa la jioni la kina mama, na alisoma polepole, kidole kikitangulia. Katika semina tuliambiwa kazi ya wakala ni kuona: aone sanduku likiwa tupu asubuhi, aone kila kura ikihesabiwa, kisha atie saini fomu ya matokeo na kupewa nakala. Aliporudi nyumbani alimwambia Saumu, nami nikimsikia juu ya ukuta, kwamba serikali imempa kazi ya kutumia macho, na macho anayo.

Siku ya kura ilikwenda vizuri kuliko nilivyoogopa. Watu walijipanga tangu alfajiri, wazee wakapewa nafasi mbele, vidole vikachovywa wino. Saa kumi jioni nilifunga mlango, nikafungua masanduku mbele ya mawakala. Tulianza na kura za Rais, kama tulivyoelekezwa, na hizo zilitumaliza nguvu. Za ubunge zilipofuata, giza lilikuwa limeingia darasani na tukawasha karabai. Niliinua kila karatasi juu mawakala waione, nikataja jina, na karani wangu akapiga mstari ubaoni, minne kisha wa tano unaikata. Nje, madirishani, watu walisimama wakihesabu pamoja nasi kwa midomo. Mwishowe nilijumlisha ubaoni: Mhandisi mia na themanini na sita, Mheshimiwa mia na arobaini na mbili, wa tatu kura tisa. Nilinakili namba hizo nyuma ya daftari langu la maandalio ya masomo. Kisha nikakaa kujaza fomu. Zilikuwa nakala tano, zote za kuandikwa kwa mkono. Karabai ilianza kufifia, karani akaichukua kuipiga pampu, na katika muda huo mfupi wa giza jepesi nikaandika kwenye nakala ya kwanza, mahali pa Mhandisi, mia na sitini na nane. Zile nyingine nne sikuzinakili kutoka ubaoni. Nilizinakili kutoka kwenye ile ya kwanza. Nikajumlisha nilichoandika, na jumla ikatoka safi, kwa hiyo fomu ilikubaliana na kosa lake yenyewe. Idadi ya karatasi zilizotumika ilikuwa kwenye fomu nyingine, na hakuna aliyezilinganisha. Mawakala walikuwa hawajala tangu asubuhi. Walitia saini mmoja baada ya mwingine. Bi Hidaya aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza, kama alivyozoea, kisha akaniangalia, akatabasamu, akakiondoa kidole. Alisema hana haja ya kusoma kazi ya mwanawe. Akaandika jina lake.

Matokeo ya jimbo yalitangazwa baada ya siku mbili. Mheshimiwa alishinda kwa kura kumi na moja. Nakumbuka nilikuwa uwanjani nikianika nguo Saumu alipoleta habari hizo, na nakumbuka kwamba sikuhisi lolote ila uchovu. Mtaani kulikuwa na kelele. Watu waliosimama madirishani walianza kusema kwamba kwa masikio yao walisikia mia na themanini na sita, na fomu iliyobandikwa mlangoni mwa darasa ilisema vingine. Walikwenda kwa Bi Hidaya kumwuliza. Yeye akasema kwamba na yeye aliona themanini na sita. Wakamwuliza, kama uliona hivyo, mbona ulitia saini? Siku ile ile nilifungua daftari langu la maandalio kutafuta somo la Hesabu za darasa la sita, nikageuza ukurasa wa mwisho, nikaiona namba kwa mwandiko wangu mwenyewe. Ubao ulikuwa umeshafutwa tangu wanafunzi waliporudi darasani. Nilikaa kwenye kiti cha mwalimu, watoto arobaini na kitu wananitazama, nikatoa zile kumi na moja za ushindi katika kumi na nane nilizompunguzia Mhandisi. Jibu lilikuwa saba. Kwa kadiri nilivyojua siku hiyo, Mhandisi alikuwa ameshinda kwa kura saba, na mimi ndiye niliyemnyima.

Ijumaa yake Bi Hidaya alipika wali, kama desturi ya nyumba ile siku ya Ijumaa, na samaki wa nazi. Alinisubiri nikanawa. Tulikula wawili tu, Saumu akiwa ametoka. Kisha akaweka tonge chini na kuniuliza bila kuniangalia.

"Mwalimu, wewe ndiye uliyeandika ubaoni. Ilikuwa ngapi?"

Lilikuwa swali jepesi kuliko maswali yote niliyowahi kuulizwa maishani. Nilijua jibu. Daftari lilikuwa chumbani kwangu, hatua sita kutoka pale tulipokaa. Lakini nilikuwa nimekwisha kusoma kitabu cha maelekezo, ule ukurasa wa makosa ya wasimamizi na adhabu zake, na nilikuwa nimeusoma kwa hofu inayoruka maneno, nikiona jela tu.

"Sikumbuki, Mama," nikasema.

Aliitikia kwa kichwa. Akalichukua tonge lake akalimaliza. Tangu hapo hakuniuliza tena, na kwa miezi iliyofuata nilikuwa nikitamani aniulize, kwa maana nilijidanganya kwamba mara ya pili ningesema.

Mhandisi alifungua kesi Mahakama Kuu kupinga matokeo. Mheshimiwa alikwenda Dodoma akaapishwa, maana sheria haimzuii mshindi kukaa kitini kesi ikiendelea, na redio ikataja jina lake kwenye kamati fulani ya Bunge. Sisi tulibaki na kesi. Mtu asiyeishi mahali pale hawezi kujua jinsi Bi Hidaya alivyoadhibiwa, kwa sababu hakuna aliyempiga wala kumtukana. Wateja walipita mbele ya meza yake sokoni, wakamsalimu, wakanunua samaki meza ya pili. Wenzake waliokwenda naye Katonga alfajiri walianza kuondoka mapema bila kumgongea. Asubuhi moja tulikuta mtu ameandika ukutani kwa mkaa, upande wa barabarani, maneno mawili tu: kura zetu. Bi Hidaya alichanganya chokaa akapaka mwenyewe, hakutaka Saumu wala mimi tumsaidie. Mvua iliponyesha maneno yalijitokeza tena, hafifu, na akapaka tena. Posa ya Saumu, iliyokuwa imeletwa na familia moja ya mtaa wa chini, ilinyamaza. Hakuna aliyekuja kuivunja. Hawakuja tu. Na mimi nilikuwa nasikia juu ya ukuta usiofika darini mama akimweleza bintiye kwamba pengine aliona vibaya, kwamba ile karabai ilikuwa mbovu, kwamba mtu aliyejifunza namba ukubwani asijivunie macho. Alianza kuhesabu mara mbili chenji ya wateja wachache aliobaki nao, kisha kumpa Saumu ahesabu ya tatu. Mwanamke aliyekuwa akijiamini kuliko wote niliowajua aliacha kujiamini mbele ya macho yangu, na mimi nilikuwa nikila chakula chake.

Katika muhula ule nilitakiwa kufundisha Bunge kwenye somo la Uraia. Nilichora ubaoni ukumbi, kiti cha Spika katikati, wabunge pande mbili. Nikaeleza kwamba wako wanaochaguliwa na majimbo, wako wanawake wa viti maalum wanaopatikana kupitia vyama vyao, na wako wachache wanaoteuliwa na Rais. Nikaeleza kwamba Spika huchaguliwa na wabunge wenyewe, kwamba kazi kubwa hufanyika kwenye kamati kabla jambo halijafika ukumbini, kwamba bajeti haipiti bila wao, na kwamba waziri anaweza kusimamishwa akajibu swali la mbunge wa mahali ambapo hajawahi kukanyaga. Nilikuwa nalipenda somo hilo. Msichana mmoja, Mwanaidi, akanyoosha mkono. Aliuliza kama kile kiti ni cha mbunge au ni cha watu wa jimbo. Nikasema ni cha watu, mbunge amekikalia kwa niaba yao. Akauliza tena: kama watu walihesabiwa vibaya, je, yule aliyekaa pale amekalia kiti cha nani? Hakuwa na nia mbaya, kwao kila jioni walizungumza kesi kama nyumba nyingine zote. Nilimwambia hilo ni swali zuri na kwamba mahakama italijibu. Niligeukia ubao nikajifanya nanyoosha mistari ya ukumbi mpaka kengele ikalia.

Wito wa mahakama niliuletewa na karani mmoja aliyekuja kwa baiskeli. Sikuitwa na upande wa Mhandisi. Niliitwa na upande uliotetea matokeo, niende nikathibitishe fomu. Wakili wa upande huo alikuwa mtu mpole, amechoka, ana mashahidi wengi wa kuwaandaa. Alinikalisha ofisini akaniambia nitaulizwa mambo mawili. Kama saini ni yangu, na kama fomu niliijaza mimi. Nitasema ndiyo, nitasema ndiyo, nitashuka. Hakuniuliza kama namba ni sahihi. Mpaka leo sijui kama lilimpita au alikuwa na hekima ya kutouliza. Nilipotoka pale nilikwenda kwa Mwalimu Mkuu wangu, Mha mwenzangu wa makamo aliyezoea kunisalimu kwa lugha ya nyumbani, mwakeye, salamu ya asubuhi, hata saa za mchana, ili kunichekesha. Nilimwonyesha daftari. Akaniambia nimeajiriwa juzi, sijathibitishwa, na kwamba jaji hatalijua daftari hilo kama mimi sitalitaja. Kisha akanirudishia na kusema neno ambalo nililichukia siku ile na ambalo sasa nalihesabu kuwa la haki: yeye ana watoto sita, na kama angekuwa mimi angelichoma, kwa hiyo nisimwulize yeye.

Kesi ilisikilizwa mwezi wa saba tangu uchaguzi. Jaji alitoka mkoa mwingine, alikuja kwa treni, na watu walikwenda stesheni kumwona tu anavyoshuka. Bi Hidaya alitangulia kutoa ushahidi, siku moja kabla yangu. Mashahidi ambao hawajaitwa hukaa nje, kwa hiyo sikumsikia, ila Saumu alikuwepo ndani na jioni nilimsikia akimsimulia jirani. Wakili wa Mheshimiwa alimpa mama fomu akamwambia asome. Akasoma polepole, kidole kikitangulia. Akaulizwa kama saini ni yake. Ni yake. Akaulizwa kama alilazimishwa. Hakulazimishwa. Akaulizwa kama anaiomba mahakama iamini kumbukumbu yake au saini yake. Akasema hajui. Watu wa Mhandisi waliokuwa nyuma wakaguna. Jirani akamwuliza Saumu kama mama alilia. Saumu akasema bora angelia.

Asubuhi yake nilivaa nikaweka daftari ndani ya mkoba. Nilikuwa bado sijaamua, na nasema hivi kwa sababu watu hupenda kusikia kwamba mtu aliamua. Chumba cha mahakama kilijaa hadi madirishani. Feni ilizunguka polepole juu yetu, na kupitia dirisha la upande wa jaji nilikiona kipande cha ziwa na meli imetia nanga, watu wakipakia mizigo kama siku yoyote. Niliapa kwa Biblia. Bi Hidaya alikaa benchi la pili, kwa kuwa alikwisha kutoa ushahidi wake, mikono mapajani. Wakili akanionyesha fomu. Saini ni yangu? Ndiyo. Niliijaza mimi? Ndiyo. Akasema hana zaidi, akaanza kukaa, na wakili wa Mhandisi akasimama akipanga karatasi zake. Ilikuwa nafasi ndogo sana, ya pumzi mbili. Nilimtazama Bi Hidaya. Hakuwa akinitazama. Alikuwa akitazama sakafu, kama mtu anayengoja jambo lipite.

"Lakini namba ya Mhandisi si sahihi," nikasema. "Nilikosea mimi."

Jaji, aliyekuwa akiandika kila kitu kwa mkono, aliweka kalamu chini. Aliniambia nirudie taratibu. Nilirudia. Nilieleza ubao, karabai, nakala ya kwanza, nakala nne. Nilitoa daftari, na mawakili wote walisimama kwa pamoja, huyu akipinga, yule akidai lipokelewe. Wakili aliyeniita aliniuliza, bila ukali, lini niliujua ukweli huo. Nikasema siku ya tatu baada ya uchaguzi. Akaniuliza nilimwambia nani katika miezi yote saba. Nikasema Mwalimu Mkuu, wiki iliyopita, na kabla yake hakuna. Hapo ndipo Bi Hidaya aliinua kichwa. Nilidhani ningeona afueni usoni mwake. Niliona mtu anayehesabu Ijumaa zote nilizokula wali wake nikijua.

Kwa sababu ya maneno yangu jaji aliamuru masanduku yaliyobishaniwa yafunguliwe na kura zihesabiwe upya, mbele ya pande zote. Kazi hiyo ilichukua siku tatu. Kituo changu kilitoa mia na themanini na sita, kama daftari lilivyosema. Mtaani watu walianza kuimba. Lakini haki ya kuhesabu upya haichagui upande: katika kituo kimoja cha njia ya Mwandiga zilikutwa kura kumi na mbili za Mheshimiwa zilizokuwa zimefungwa na kuhesabiwa ndani ya furushi la yule mgombea wa tatu. Kila kitu kilipojumlishwa, Mheshimiwa alibaki mbunge kwa kura tano. Jaji alisoma hukumu akasema makosa yalikuwepo pande zote, hayakuwa ya makusudi, na matokeo yanabaki. Kuhusu wakala wa kituo changu alisema kwamba aliona sawasawa na alikumbuka sawasawa. Sentensi moja hiyo, ndani ya kurasa nyingi, ilikuwa yote iliyopatikana. Mimi sikushtakiwa. Nilipewa barua ya onyo, na uthibitisho wangu wa kazi ulichelewa mwaka mzima.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Sijui nilitarajia nini. Nadhani nilitarajia kushukuriwa, ujana una ujinga wake. Bi Hidaya alikuwa jikoni akiparua samaki, na hakuacha kuparua nilipoingia. Nilianza kuomba radhi. Aliniacha niseme hadi nikaishiwa.

"Ungeniambia hapa," akasema, akionyesha sakafu kwa kisu. "Hapa jikoni, mimi na wewe. Ningekasirika, kisha tungevaa tukaenda wote kwa wakili. Mimi nimekuuliza ukala wali wangu ukaniambia hukumbuki. Miezi saba nimelala nikidhani macho yangu yamenisaliti. Halafu ukweli nausikia mahakamani, pamoja na watu wote, kama mpita njia."

Nikasema niliogopa. Akasema alijua kwamba niliogopa, na kwamba hata yeye angeogopa. Kisha akaniambia nitafute chumba kabla ya mwisho wa mwezi. Hakusema kwa hasira. Siku zilizobaki nilikuta chakula kimefunikwa mezani kama kawaida, ila kimewekwa sahani moja, na yeye amekwisha kula.

Nilihamia upande wa shule. Posa ya Saumu ilirudi, na wakaikataa, akaolewa baadaye na mtu mwingine. Wateja walirudi mezani kwake taratibu, si wote. Tulipokutana njiani nilimwamkia shikamoo, akaniitikia marahaba, tukapita. Hivyo ndivyo tulivyoishi kwa miaka mitano katika mji ambao unaweza kuuvuka kwa miguu. Nilikuwa nimejiapia kwamba sitagusa tena sanduku la kura, lakini uchaguzi uliofuata ulikosa walimu wa kutosha, na Mwalimu Mkuu akaandika jina langu bila kuniuliza. Orodha ya wasimamizi ilipobandikwa, vyama viliruhusiwa kupinga jina lolote. Watu wa chama cha Mhandisi walikwenda kwa Bi Hidaya, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na haki ya kunikataa kuliko wote. Saumu ndiye aliyenieleza alichojibu. Aliwaambia waniache, kwamba aliyekwisha kuungua anajua moto ulipo, na kwamba hata nikikosea, yeye atakuwepo.

Na alikuwepo. Alikaa kwenye dawati la mbele tangu asubuhi, miwani puani, mara yangu ya kwanza kumwona nayo. Tulipomaliza kuhesabu nilijaza fomu tano, kila moja kutoka ubaoni. Mawakala wengine walinyoosha mikono watie saini waende zao. Bi Hidaya akasema hakuna anayetia saini mpaka Mwalimu asome. Nilisoma ya kwanza kwa sauti, jina na namba, na yeye akifuata ubaoni kwa kidole. Nilisoma ya pili. Wakala mmoja kijana akalalamika kwamba zote ni sawa. Nilisoma ya tatu na ya nne, na nilipofika ya tano sauti yangu ilikuwa inatetemeka, nikaharakisha ili niimalize kabla haijakatika. Nikamsogezea kalamu. Hakuichukua.

"Hiyo ya mwisho umeikimbiza," akasema. "Irudie, mwanangu. Sina haraka."

Nikairudia.